Kusahihisha

Umeme umekatika Bombo tangu magharibi.
Rundo la insha za kidato cha tatu
nimelisukuma pembeni, karibu na birika,
na chini ya tochi ya simu nimetandaza
nakala kivuli aliyonitolea binamu yangu Rehani
katika kabati la ofisi asiyotaka niitaje.

Ukurasa mmoja. Mwaka umeliwa na mende.
Mwandiko umelala upande mmoja, kama majani baada ya mvua:
*Watu hawa waliotajwa chini, vichwa arobaini na kimoja,
kuanzia leo si watumwa, wamepewa uhuru.*

Kalamu nyekundu ninayo mkononi. Ni mazoea.

*Watu*, kisha *vichwa*.
Mwanafunzi ningemwandikia pembeni: amua!
Umeanza na WA, ukaishia VI,
kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni mlangoni
huku akihesabu vikombe.

*Watumwa*. Darasani hulisoma mbio wapite.
Nawaambia, rudini, lifungueni, ndani mna kutuma.
Barua nayo hutumwa,
ila barua huandikwa kwanza
inakokwenda.

*Uhuru*. Na mzizi wake, *huru*, kivumishi kikaidi:
mtu huru, njia huru, viti huru,
hakivai kiambishi cha ngeli yoyote.
Katika ukurasa mzima ni neno hilo peke yake
linalotenda linachosema.

Lakini *wamepewa*.
Hapa nimezungushia duara, tena duara la pili.
Wamepewa na nani? Kitenzi cha kutendwa,
na mtendaji kajibanza nyuma yake, hata kivuli hatoi.
Mkoba wako ukianguka sokoni
nami nikauokota, nikakufuata nao hadi stendi,
sitasema nimekupa mkoba.
Utanicheka. Pengine utahesabu kilichomo.

Nikainamisha simu, mwanga ukapita ubavuni mwa mstari,
nikaona kwamba *wamepewa* limeandikwa juu,
limebanwa kati ya mistari,
na chini yake kuna neno lililokatwa mara tatu.
Nilihesabu vikonyo vya herufi kama mtu anayechambua mchele.
*Wa. me. ru.*
*Wamerudishiwa*.

Chai ikapoa.

Kuna mtu, basi, aliyeliona kosa kabla yangu,
au tuseme kabla kosa halijawa kosa.
Aliliandika neno kamili, na kiambishi chake, na kauli yake,
kisha mkono ukalikata. Wake? Wa aliyesimama
nyuma ya kiti chake? Wino kwenye nakala kivuli
wote ni mweusi, hausemi.
Mwishoni kuna saini: *Feruzi, karani*.

Feruzi ni jina la kito.
Mzazi anaweza kumwita mwanawe kito, wengi wamefanya hivyo.
Ila ukikuta ua mmoja Feruzi, Almasi, Marijani, Lulu,
huko si kupenda watoto,
hiyo ni orodha ya sanduku, na sanduku lina mwenyewe.
Nakisia tu. Usinishike kwa hilo.
Lakini nikikisia sawa, aliyelishika wino
alijua bei ya *kupewa*.

Chini ya neno lililokatwa nimetia nukta, moja moja.
Wanafunzi wangu wanaijua alama hiyo:
lilikatwa kwa makosa, libaki.

Kisha orodha. Majina, makabila, makadirio ya umri,
kovu shavuni, jino moja pungufu.
Nambari ya ishirini na tisa, ambayo mama yangu
anashikilia kuwa ndiyo yetu, na hana ushahidi
zaidi ya kuishikilia:
*Mwanamke mmoja, mtu wa kaskazini. Jina hakusema.*

Karani mvivu angeandika *hana*.
Herufi nne, na nafasi ilikuwa finyu, mstari unagusa ukingo.
Feruzi kaandika *hakusema*,
ka ya mwisho imekunjwa kufuata ukingo ili itoshe.

Nimeinua kalamu nyekundu, nimeiteremsha.
Alikuwa nalo.
Alikaa nalo.